Filimbi Aliyoisikia Afande

Tulimwita Afande, na hadi leo ninavyoandika haya silijui jina lake kamili. Kwenye simu yangu ameandikwa hivyo hivyo, Afande, na chini yake ipo namba ambayo siku hizi haipokelewi. Alikuwa amestaafu zamani kwenye bendi ya shaba ya kikosi kimoja, lakini viatu vyake viling'aa kila Jumapili utadhani kuna mkaguzi anamsubiri mlangoni. Katika bendi hiyo alipuliza tuba, lile tarumbeta kubwa la besi ambalo mpulizaji analivaa mwilini. Alilipuliza miaka ishirini na saba, na nyuma yake siku zote palikuwa na ngoma.

"Mie nilikuwa msingi wa nyumba," alituambia. "Watu wakipita wanasifu madirisha. Umeshamsikia nani anasifu msingi?"

Madirisha aliyoyatamani yeye yalikuwa filimbi, zile ndefu za kushikwa kwa pembeni. Hakuwahi kuipuliza hata moja. Alisema vidole vyake vimezaliwa kwa ajili ya kubeba magunia, na filimbi inataka vidole vya mtu anayechambua mchele.

Tulikuwa watu wanne tuliokutana kwa Mama Koku, Chang'ombe, kusikiliza muziki wa wazee wa Ulaya, ule wa piano na vayolini na vyombo vingi kwa pamoja. Ni muziki ambao ukiupiga mtaani kwangu Tandale, majirani wanachungulia dirishani kuuliza kafa nani, maana redioni wameuzoea siku ambayo kiongozi amefariki. Mimi nauza kwenye duka la dawa karibu na soko, kelele za wapagazi zinaanza alfajiri, na bila hedifoni zangu ningekuwa nimeshapata wazimu. Mama Koku ni mjane, karani mstaafu, na redio kubwa yenye spika mbili iliyo sebuleni kwake ililetwa na marehemu mumewe aliporudi kutoka masomoni. Wa nne alikuwa Selemani, mchongaji wa vinyago kutoka kusini, ambaye muziki huo ulimwingia kupitia mteja mmoja aliyekuwa akiupiga garini kila alipokuja kuchukua mzigo. Mpaka leo Selemani hajui kutamka jina la mtunzi hata mmoja. Vipande vyote alivipa majina yake: Mpingo Mbichi, Mvua ya Masika, Mzee Kakasirika.

Kila mmoja wetu alikuja na kile anachokisikiliza wiki hiyo, kwenye simu au kwenye flashi. Hukuruhusiwa kutangaza ni nini. Uliunganisha, ukakaa, na wengine wakasikiliza mpaka mwisho bila kunyanyua kikombe. Kisha kila mtu alisema amesikia nini. Sheria hiyo ilitungwa na Afande, na yeye ndiye aliyeisimamia. Neno "nzuri" lilikuwa haramu.

"Nzuri ni nini?" alimuuliza Mama Koku siku moja. "Hata supu ni nzuri. Sema umesikia nini."

"Nimesikia mtu anataka kuondoka, ila hajapata nauli," Mama Koku alijibu.

Afande aliinamisha kichwa. "Hapo sasa umesikiliza," alisema.

Ukikohoa alikutazama. Ukikoroga chai alinyanyua vidole viwili bila kugeuka, na kijiko chako kilitulia chenyewe. Siku moja mgeni wa Mama Koku, mwanamke wa Kwaya ya Akina Mama kanisani kwake, alianza kuimba kwa chini akifuatisha vayolini. Afande alisimamisha muziki, akamwambia kwa adabu kabisa, "Dada, yule kalipwa kupiga. Wewe umekaribishwa kusikiliza." Dada yule hakurudi tena, na Mama Koku alinuna wiki mbili.

Katikati ya wiki tulikuwa na kundi letu kwenye simu, na humo Afande aliandika kwa herufi kubwa tupu, kana kwamba anapeleka ripoti makao makuu. "TAARIFA. MAHALI: KITANDANI. CHOMBO: PIANO PEKE YAKE. HALI: ANAPANDA NGAZI ISIYO NA MWISHO. NIMESIKILIZA MARA TATU. MWISHO WA TAARIFA." Selemani alikuwa akicheka mpaka patasi inamponyoka. Mimi nilizisubiri taarifa hizo zaidi ya nilivyotaka kukiri. Kuna siku nilifunga duka bila kuuza hata panadol mbili, ila nilipokuta taarifa ya Afande inaniambia kwamba dakika ya sita ya kipande fulani selo, ile vayolini kubwa ya sauti nene, inapumua kama mgonjwa anayepata nafuu, niliona siku haikupotea.

Nasema haya ili msije mkadhani nilimchukia. Nilimpenda, na ndiyo maana maneno yake yaliniuma kuliko ya mtu mwingine.

Maana alikuwa mkali, na ukali wake haukuwa na mizani. Selemani aliweza kuleta kipande ambacho mimi nilikiona kelele tupu, Afande akakisifu nusu saa. Mimi nikileta kitu nilichokitafuta mwezi mzima, aliniambia, "Dawa, hiki umekichagua ili tukuone umesoma." Dawa ndilo jina alilonipa. Lakini ukikigusa cha kwake, ukasema labda kimezidi urefu, alikaa kimya mpaka chai ipoe, na wiki ile hapakuwa na taarifa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wakati huohuo, mtu huyu huyu akisikia vayolini moja inabaki peke yake mwishoni, wenzake wote wamenyamaza, machozi yalimtiririka hadharani wala hakuyafuta. Aliyaacha yakauke yenyewe usoni, mgongo umenyooka.

Nyumbani kwake Ukonga aliishi na binti yake mmoja. Binti huyo alikuwa akisuka watu nywele barazani, na kwa miaka yote hiyo Afande alimkataza kupiga bongo flava ndani ya nyumba. Wateja walisukwa kimya kimya kama wako mtihanini. "Namlea sikio," alisema. Mama Koku alimwambia binti wa miaka thelathini na tano halelewi tena, analea. Afande alijibu kwamba sikio halina kope, halifungiki, kwa hiyo mlango wa nyumba ndio kope yake. Tulicheka. Sasa nikikumbuka sicheki.

Mama yangu alifariki wakati wa mvua za vuli. Baada ya kumzika nilirudi Dar, nikafungua duka, na kwa wiki tano nilisikiliza kitu kimoja tu. Ni vayolini nyingi, laini kabisa, zinaanza juu sana kiasi kwamba hujui kama zimeshaanza, kisha zinakaa huko huko juu, hazishuki, hazina haraka. Sikuwa na maneno ya kueleza msiba wangu. Wale wapiga vayolini walikuwa nayo. Jumapili niliyopata nguvu ya kurudi Chang'ombe nilikwenda na hicho.

Niliunganisha simu, nikakaa. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mama Koku alikuwa amefumba macho. Afande alikuwa kwenye kiti chake kipya. Miezi hiyo alikuwa amehama kutoka kiti cha dirishani hadi kile kilicho ubavuni mwa spika, akisema mgongo unamuuma. Nilimwona anageuza kichwa huku na kule. Ghafla akanyoosha mkono akazima.

"Hakuna kitu humu," alisema.

Hakuna aliyewahi kuzima kipande cha mwenzake katikati. Hata yeye hakuwahi.

"Afande," Mama Koku akasema, "kafiwa na mama yake huyu."

"Pole, Dawa. Najua. Lakini humu hamna kitu. Mtu mwingine alete chake."

Selemani akaleta chake. Sikumbuki kilikuwa nini. Nilikaa nikitazama kikombe. Niliondoka mapema nikasingizia duka.

Wiki mbili baadaye, saa za asubuhi, Afande akaja dukani kwangu Tandale. Kutoka Ukonga hadi Tandale ni safari, na njiani kuna maduka ya dawa yasiyohesabika. Nilikuwa nimeinama nyuma ya kaunta, nikamwamkia: "Shikamoo, Afande." Hakuitikia. Nikadhani bado ana la moyoni. Nikainuka, akaniona, akashtuka, akatabasamu.

"Marahaba, Dawa! Nilidhani hupo."

Alitaka dawa ya matone ya masikio. Akasema ni ya binti yake, sikio limeziba. Nikamuuliza lini limeanza, la kulia au la kushoto, linatoa usaha? Alinitazama midomo. Akajibu, "Yote. Hasikii vitu vyembamba. Ndege. Simu ikilia. Sauti nene anazipata." Halafu akaongeza haraka, "Vijana hawa na hizo hedifoni."

Nikamwambia matone hayatasaidia kitu kama hicho, ampeleke hospitali akapimwe. Alinunua hayo hayo matone. Aliyatia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaenda zake.

Nilijua. Mtu aliyekaa kwenye duka la dawa miaka kumi na minne anajua dawa ya binti na dawa ya baba. Na kwenye kazi yetu siri ya mteja ni amana. Hata mke wangu simwambii jirani gani amenunua nini. Ilinipasa nimwonee huruma, na ilinipasa nielewe pale pale kwamba aliposema hakuna kitu humu hakuwa anautukana msiba wangu. Alikuwa anasema ukweli wake. Vayolini zile za juu hazikumfikia. Alikaa mbele ya spika iliyo kimya. Hilo nimelielewa baadaye. Siku ile nilichokielewa ni kimoja tu: mtu asiyesikia amenizimia mama yangu.

Nikaanza kutafuta kipande. Nilikipata wiki ya tatu: piano na filimbi, wawili tu, kutoka santuri ya kizamani ambayo waliorekodi walimweka kila mmoja upande wake. Piano yote ilitokea spika ya kushoto na filimbi yote ya kulia. Nilikisikiliza mara nyingi mpaka nikakijua. Jumapili ile niliwahi kufika kwa Mama Koku kabla ya wenzangu. Alikuwa jikoni akikaanga maandazi, akaniambia kwa sauti, "Ingia, Dawa, jisikie nyumbani." Nilipiga magoti nyuma ya redio nikachomoa waya wa spika ya kulia, ili Afande, akijifanya bado anasikia kila kitu, asifie mbele ya wote sauti ambayo haipo.

Sikuwa na hasira wakati nafanya hivyo. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka sasa. Mikono yangu ilikuwa imetulia kama napima dawa ya mtoto.

Zamu yangu ilipofika niliunganisha. Wote tulisikia piano, piano peke yake, inapiga kisha inasimama, inangoja, inapiga tena. Afande aliinama mbele. Baada ya muda kidogo uso ukamchanua, nikajua imemfikia ile piano ya chini, sauti nene alizokuwa bado anazipata. Alifumba macho. Mguu wake ulikuwa ukipiga taratibu kwenye zulia. Kila piano iliposimama kungoja, yeye alinyanyua kidole kimoja, akakipeleka hewani polepole, akakishusha.

Ilipoisha hakusubiri zamu.

"Dawa," alisema, na sauti yake ilikuwa na upole ambao sikuwahi kuupata kwake. "Leo umeleta. Leo umeleta, mwanangu. Mmesikia ile filimbi? Pale katikati, piano anamwachia nafasi, na yeye haingii. Anachelewa. Kidogo tu, pumzi moja. Kila mtu angeingia, yeye anachelewa, halafu anaingia chini kabisa, kama mtu anayeingia msikitini sala imeshaanza. Mmemsikia?"

 Mama Koku alikuwa ameshika birika, hakulimimina wala hakuliweka chini.

"Filimbi ipi, Afande?" akauliza taratibu.

Selemani ndiye aliyejaribu kumwokoa. "Ipo, mama," akasema haraka. "Mie nimeisikia. Kwa mbali, lakini ipo."

Uongo huo wa huruma ndio uliommaliza. Afande hakuhitaji kusikia maneno yote. Alimtazama Selemani usoni, akaona anavyoangalia chini. Akainuka. Akaenda kwenye spika ya kushoto akaiwekea kiganja, akaniambia, "Piga tena." Nikapiga. Akaacha kiganja pale kwa muda, kisha akahamia spika ya kulia, akaweka kiganja kingine. Mpuliza tuba anajua mtetemo kwa mkono. Alikaa hapo, kiganja juu ya kitambaa cha spika, piano ikiendelea, na sote tulikuwa tunamtazama.

"Hii imekufa," alisema.

Alijipangusa mikono kwa leso, akavaa kofia. "Ahsante kwa chai, Mama Koku." Chai ilikuwa bado haijamiminwa. Tulisikia viatu vyake barazani, hatua zilezile za kijeshi, kisha lango.

Jioni yake simu ikatuarifu kwamba Afande ametoka kwenye kundi. Mama Koku alipochungulia nyuma ya redio akaukuta waya uko chini. "Panya hawa," akasema. "Nimewatega mpaka nimechoka." Niliuchomeka tena mbele ya macho yake, nikanyamaza. Tulijaribu kuendelea Jumapili tatu. Hapakuwa na mtu wa kukataza neno nzuri, basi kila kitu kikawa kizuri, na ya nne hatukukutana.

Nilikaa na jambo hilo karibu mwaka. Kila nilipofungua boksi la matone ya masikio mkono uliniwia mzito. Mwishowe Selemani akanipigia: amepita Ukonga kupeleka stuli, amemwona Afande, hasikii tena kabisa. "Ukimwita ni sawa na kuita ukuta," akasema. "Nenda, braza. Alikuwaga anakupenda wewe kuliko sie wote. Alikuwa anakusifu sana, tena mbele za watu." Sikujua hilo.

Nilikwenda Jumamosi mchana, mawingu yamefunga. Muziki niliusikia kabla sijaiona nyumba: singeli, ya mwendo kasi, imefunguliwa mpaka mwisho. Barazani binti yake alikuwa anamsuka mteja, wote wawili wakitikisa vichwa. Sabufa lilikuwa ndani, mlangoni, na hatua mbili kutoka hapo Afande alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mgongo umenyooka, akitazama ukuta. Viatu havikuwa vimepigwa rangi. Binti aliponiona alipunguza sauti, si kwa ajili ya baba yake, kwa ajili yangu.

Afande alinitambua. Akanipa mkono, akanionyesha kigoda. Kando yake palikuwa na daftari la shule na kalamu iliyofungwa kwa uzi; humo ndimo binti alimwandikia. Nilikaa. Nikamwambia shikamoo, nikaona midomo yake inaitikia kwa mazoea. Halafu, kwa kuwa nilijua hasikii, nikasema yote. Nilisema kwa sauti ya kawaida, nikimtazama machoni: kwamba waya niliuchomoa mimi, kwamba nilijua ni masikio ya nani aliyoyanunulia dawa, kwamba nilitaka wenzetu waone. Nikamwomba msamaha. Alikuwa ananitazama kwa subira ya mtu anayemsubiri mgeni amalize kikohozi. Nilijisikia mwepesi, na nikaona haya kwa wepesi huo.

"Kaka."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, chanuo mkononi. Alikuwa amesikia.

"Miezi mitatu alikuwa hali chakula vizuri," alisema. "Alikuwa anajifungia ndani anajisemea, nimezeeka hadi nasikia visivyopo." Akaokota daftari, akalitia mapajani mwangu. "Muandikie."

"Dada..."

"Muandikie, kaka. Mie simwambii kwa niaba yako."

Niliandika. Niliandika mistari sita, mwandiko ukiwa mbaya kuliko wa daktari. Afande alivaa miwani akasoma, midomo ikitembea. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena.  Nilingoja anitukane, na kusema kweli nilitamani anitukane.

Alikunja miwani. "Kwa hiyo filimbi ilikuwepo," alisema, kwa sauti kubwa mno ya mtu asiyejisikia.

Niliitikia kwa kichwa.

"Inaingia pale niliposema? Inachelewa?"

Nikaitikia tena.

"Andika. Usinionee huruma, Dawa. Andika ukweli."

Nilifungua ukurasa mwingine nikaandika kwamba filimbi inaingia pale pale, inachelewa pumzi moja, inaingia kwa chini, kama alivyosema. Nilivyoandika ndivyo ilivyo. Aliusogeza ukurasa karibu na macho, akakaa nao muda mrefu. 

"Basi nilikuwa nasikia," alisema.

Akauchana ukurasa huo taratibu kufuata mshono, akaukunja mara nne, akautia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Kisha akageuka akautazama tena ukuta. Nilisubiri neno langu. Nilisubiri mpaka matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga bati na mteja akavuta kigoda chake ndani, na Afande hakunitazama tena.

Ukurasa wa msamaha ulibaki kwenye daftari. Nilipokuwa navaa viatu nilimwona binti yake anaugeuza upande wa pili, akaandika kwa haraka na kumwonyesha: Leo utakula wali au ugali?

"Wali," Afande akasema.